Kusikiliza na Kuchagua Rekodi za Chelo na Piano za Karne ya 20: Mwongozo Kamili

Andika jina la Debussy, mtunzi Mfaransa, na neno chelo kwenye programu yoyote ya muziki, utaletewa rekodi chungu nzima za kitu kilekile, kila moja na jalada lake, na hakuna wa kukuambia uanzie wapi. Wengi hubofya ya kwanza, husikia kama watu wawili wanabishana chumba cha pili, kisha hurudi kwenye nyimbo walizozoea. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kukaa asikilize: namna ya kuandaa chombo, namna ya kutafuta, namna ya kulinganisha rekodi mbili tatu za kipande kimoja, na baada ya hapo aelekee wapi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinishangae huko mbele. Katika muziki huu, rekodi nzuri utaitambua kwenye piano kabla ya kuitambua kwenye chelo. Chelo hupendeza masikioni hata ikipigwa kivivu, ndiyo maana inadanganya. Piano ikifichwa nyuma, nusu ya mazungumzo imepotea na wala hutajua kwamba kuna kilichopotea.

Kwa asiyeifahamu, chelo ni ya ukoo wa fidla, ila ni kubwa: mpigaji huketi na kuishikilia kati ya magoti. Waliokulia na taarabu ya Unguja wameisikia siku nyingi katika vikundi vikubwa vyenye fidla, kanuni, udi na akodiani, ingawa huko aghalabu hukaa nyuma ikishika sauti za chini. Katika sonata za karne ya 20, yaani kazi za vyombo vichache zenye sehemu kadhaa zinazofuatana, inatoka mbele, na mwenzake ni mmoja tu, piano.

Hatua ya 1: Weka sawa chombo chako

Chelo ina nyuzi nne. Ule mnene kabisa, C, hutetema takriban mara 65 kwa sekunde. Unaofuata, G, ni mara 98, D ni mara 147, na A, ulio mwembamba kuliko wote, ni mara 220. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sawasawa mitetemo ya chini kiasi hicho. Unachosikia kwenye uzi wa C ni zile sauti za juu zinazoandamana na sauti yenyewe, na ubongo unajazia zilizobaki. Mkono wa kushoto wa mpiga piano nao unakumbwa na balaa hilohilo. Kwa hiyo tumia hedifoni au efoni za waya, hata zile za bei ya chini zinazouzwa kila kituo cha daladala. Zinashinda spika ya simu kwa mbali.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki na uzime mambo matatu. Kwanza, uchezaji wa nyimbo bila mpangilio: sonata ina sehemu zinazofuatana, na ukizichanganya ni sawa na kutazama tamthilia kuanzia kipindi cha nne. Pili, ule mpangilio unaofifisha mwisho wa wimbo mmoja huku ukiingiza mwingine. Tatu, nyongeza ya besi. Besi iliyotiwa chumvi huifanya chelo ingurume, na huzifunika sauti za katikati za piano ambazo ndizo tunazozitafuta.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, na ya kilobiti 320 karibu megabaiti mbili na nusu. Sonata ya Debussy ni kama dakika 11 au 12, kwa hiyo hata kwa ubora wa juu haifiki megabaiti 30. Kinachomaliza bando ni kusikiliza kupitia video, ambako unalipia picha ya jalada lisilosogea. Ukipata waifai, pakua rekodi zako zote za kulinganisha kwa mpigo mmoja, na zote kwa ubora uleule. Ukilinganisha ya kilobiti 128 na ya kilobiti 320, unawalinganisha mafundi wa faili, na wapigaji hawamo.

Hatua ya 2: Chagua sonata moja tu, na iwe ya Debussy

Usianze na orodha. Anza na kipande kimoja kifupi ukijue kiasi cha kuweza kukivumisha mdomoni, ndipo uanze kuhukumu wapigaji. Nakushauri Sonata ya Chelo na Piano ya Claude Debussy ya 1915 kwa sababu mbili: ni fupi, na kila udhaifu wa rekodi hujitokeza ndani yake haraka.

Debussy aliiandika majira ya joto ya 1915 akiwa Pourville, pwani ya Normandy, vita ikiwa imepamba moto na yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Alikusudia kuandika sonata sita za vyombo mbalimbali. Alimaliza tatu tu: hii, nyingine ya filimbi, viola na kinubi, na ya mwisho ya fidla na piano. Alifariki Machi 1918. Katika kurasa za mbele za sonata hizo alijitambulisha kama mwanamuziki Mfaransa, na kwa wakati ule, Wajerumani wakiwa ndani ya ardhi ya Ufaransa, hiyo ilikuwa kauli nzito.

Ina sehemu tatu: Prologue, Sérénade na Finale. Isikilize kwa mpango huu.

Mara ya kwanza fuata piano pekee. Prologue huanza kwa piano peke yake, kwa sauti thabiti kama ya mtu anayefungua baraza, na chelo huingia baadaye kidogo. Chelo ikishaingia, usiiandame. Bakia na piano. Utaona kwamba mara nyingi inapiga noti chache sana, inaziacha zielee, kisha inanyamaza. Debussy mwenyewe aliagiza kwamba mpiga piano asisahau kamwe kuwa kazi yake ni kuisindikiza chelo, asipigane nayo. Msindikizaji mwema ni yule unayesikia hatua zake pembeni yako. Rekodi ambayo piano haisikiki kabisa haijatii agizo hilo, imeliruka.

Mara ya pili fuata chelo, na uende moja kwa moja kwenye Sérénade. Hapa mpigaji kwa sehemu kubwa anaweka upinde kando na kudonoa nyuzi kwa vidole kama mpiga gitaa. Noti za piano nazo ni fupi, kavu, za kuvizia. Sikiliza mwanzo wake hasa: chelo inadonoa chini, piano inajibu chini, na kwenye rekodi mbaya huwezi kujua nani ni nani. Kwenye rekodi nzuri unasikia kidole kikiacha uzi, na unasikia nyundo ya piano ikigonga. Ni sauti mbili tofauti kabisa, moja ina joto la mkono na nyingine ina ubaridi wa mashine, na Debussy anazichezesha kama paka na panya.

Sérénade na Finale zimeunganishwa, hakuna kusimama kati yake. Hapo ndipo utakapoijua programu yako: ikiwa kuna pengo la kimya, hata la nusu sekunde, programu inakata muziki pale ambapo mtunzi alitaka uvuke kwa pumzi moja. Tafuta kwenye mipangilio uchezaji usio na pengo. Usipokuwepo, tafuta rekodi iliyowekwa sonata nzima katika faili moja.

Utakutana pia na hadithi kwamba sonata hii inamhusu Pierrot, yule mchekeshaji wa sura nyeupe, akiwa amekasirikia mwezi. Mpiga chelo Louis Rosoor ndiye aliyeieneza enzi zile, na Debussy hakufurahi hata kidogo. Bado inaandikwa kwenye majalada. Isome, tabasamu, endelea.

Hatua ya 3: Tafuta kwa majina yaliyo sahihi

Programu nyingi za muziki zilitengenezwa kwa ajili ya wimbo mmoja wa msanii mmoja. Sonata haikai vizuri kwenye mfumo huo. Msanii ni nani: mtunzi, mpiga chelo au mpiga piano? Kila kampuni hujaza nafasi hiyo inavyotaka, na matokeo yake rekodi unayoitafuta ipo ila imejificha.

Tafuta kwa kuandika majina ya ukoo ya watu watatu, mtunzi na wapigaji wote wawili, bila neno lolote la ziada: Debussy Rostropovich Britten, kwa mfano. Ukitafuta kazi yenyewe bila kujali wapigaji, tumia jina la mtunzi na namba ya opus, yaani namba inayotambulisha kazi moja kati ya kazi za mtunzi: Shostakovich Op. 40, Prokofiev Op. 119, Britten Op. 65, Rachmaninoff Op. 19. Namba ya opus haitafsiriwi, haina tahajia mbili, na haichanganyi sonata ya chelo na ya fidla. Kwa majina ya Kirusi jaribu tahajia zaidi ya moja, maana Wajerumani humwandika Schostakowitsch na Wafaransa humwandika Chostakovitch, na kuna albamu zilizosajiliwa hivyo. Apple Music Classical, iliyotoka 2023, ilijengwa kwa ajili ya tatizo hili na humtenga mtunzi na wapigaji. Kama unayo, itakupunguzia usumbufu.

Ukishaipata, angalia mwaka kwa makini. Mwaka unaoonekana kwenye programu mara nyingi ni wa toleo la karibuni. Rekodi ya 1961 inaweza kuonyeshwa kama ya 2015 kwa sababu tu kampuni imeisafisha na kuipa jalada jipya. Alama ya herufi P ndani ya duara, chini kabisa ya ukurasa wa albamu, huonyesha mwaka ambao rekodi ile ilichapishwa, lakini nayo hubadilika toleo linaposafishwa upya. Njia ya uhakika ni kijitabu cha albamu, ambacho huandika tarehe na ukumbi wa kurekodia. Hili si jambo dogo: nimewahi kukuta albamu tatu zenye majalada matatu tofauti, na ndani yake rekodi ni ileile moja. Ukiona wapigaji walewale na dakika zinazolingana hadi sekunde, shuku.

Angalia pia kama kazi ni ya chelo kwa asili. Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt, ambayo kila orodha ya chelo na piano inayo, iliandikwa 1978 kwa fidla na piano. Toleo la chelo ni zuri na limekubalika. Ila usilitumie kupima jinsi mtunzi alivyoifikiria chelo.

Hatua ya 4: Linganisha rekodi tatu, za vizazi vitatu

Kwa Debussy, chukua hizi. Jina la kwanza ni la mpiga chelo, la pili ni la mpiga piano.

Ya kwanza ni ya Maurice Maréchal na Robert Casadesus, ya 1930, enzi za sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya inchi 12 ulibeba dakika nne hadi tano hivi, na sehemu za sonata hii, kwa bahati, hazizidi hapo sana. Maréchal alikuwa askari katika vita vilevile ambavyo Debussy aliandika akivisikia, na mwaka 1915 wenzake jeshini walimtengenezea chelo ya mbao za masanduku ya risasi. Chombo hicho kipo Paris, katika jumba la makumbusho ya muziki.

Ya pili ni ya Mstislav Rostropovich na Benjamin Britten, ya 1961, iliyorekodiwa na kampuni ya Decca kwa stirio. Ya tatu ni ya Steven Isserlis na Connie Shih, kwenye albamu iitwayo The Cello in Wartime ya kampuni ya BIS, 2017. Albamu hiyo ina thamani ya ziada kwako kama mwanafunzi: ina Debussy, Fauré, Bridge na Webern, kazi zote za miaka ya vita ile, na mwishoni Isserlis anapiga vipande vidogo kwa chelo iliyobebwa na askari Mwingereza huko kwenye mahandaki.

Sasa kaa na karatasi. Usisikilize sonata nzima mara tatu mfululizo, utachoka na masikio yatachanganyikiwa. Chukua dakika ya kwanza ya Sérénade kutoka kila rekodi, kisha rudia kwa mpangilio tofauti. Andika majibu ya maswali haya kwa maneno yako: Piano iko wapi, kulia, kushoto, nyuma, au imezunguka chelo yote? Noti ya piano inapoisha, unaisikia ikififia au imekatwa? Unasikia pumzi ya mpigaji? Nani anaongoza mabadiliko ya mwendo?

Kwenye ya 1930 utasikia kelele ya mchakaruko wa sahani. Ipe dakika mbili, masikio yatazoea. Hapa kuna ushauri ambao wauzaji hawatakupa: kati ya matoleo mawili ya santuri moja, lile lililosafishwa sana mara nyingi ndilo baya zaidi. Mkia wa noti ya piano, pale inapofifia, una nguvu ndogo sawa na ile kelele. Fundi akiifuta kelele yote, mkia unaondoka nayo, na piano inabaki kama imegongwa ndani ya sanduku la nguo. Chelo huvumilia usafishaji kwa sababu upinde unaendelea kuitia nguvu, ilhali piano haina wa kuitetea. Chagua toleo lenye kelele kidogo.

Pima na kasi pia. Sahani ikinakiliwa kwa kasi isiyo sahihi, muziki wote hupanda au kushuka. Tofauti ya asilimia sita hivi ni nusu sauti kamili. Pakua programu yoyote ya kupimia sauti, zile wanazotumia wapiga gitaa, ulinganishe mwanzo wa rekodi ya zamani na mwanzo wa rekodi mpya. Zikiachana kwa nusu sauti, tafuta nakala nyingine kabla hujasema kwamba wazee walipiga haraka.

Kwenye ya 1961 zingatia mtu aliye kwenye piano. Britten alikuwa mtunzi mkubwa, na anapiga kama mtunzi: anajua kila noti iko pale kwa sababu gani, na hatumii nguvu hata moja ya bure. Rostropovich alikuwa na chelo yenye sauti ya kujaza ukumbi, lakini hapa anajizuia kwa sababu anasikiliza. Isserlis kwa upande wake hupenda nyuzi za utumbo wa mnyama badala ya za chuma, na utalisikia hilo kama sauti yenye unyuzinyuzi kidogo pembeni, isiyong'aa sana. Kwa maoni yangu udonoaji wake katika Sérénade hupata ule ucheshi mkavu kuliko wote. Kwa uwiano wa vyombo viwili bado naipa ya 1961. Unaweza kuniona nimekosea, ndiyo sababu nimekupa karatasi.

Hatua ya 5: Sikiliza watunzi wakiwa kwenye piano

Karne ya 20 ina bahati ambayo karne za nyuma hazina: mtunzi mwenyewe alikuwepo studio. Kwa chelo na piano mifano miwili haikwepeki.

Dmitri Shostakovich aliandika Sonata yake Op. 40 mwaka 1934, akiwa na miaka 27, akamtunukia mpiga chelo Viktor Kubatsky. Alikuwa mpiga piano hasa, aliyeshiriki shindano la kwanza la Chopin huko Warsaw mwaka 1927. Sonata hii aliirekodi na Daniil Shafran mwaka 1946, na akairekodi tena na Rostropovich mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpiga piano ni yuleyule, kipande ni kilekile, chelo mbili. Huwezi kupata darasa bora kuliko hilo.

Nenda mwisho wa sehemu ya kwanza. Ule wimbo mtamu uliofungua sonata unarudi, lakini umepunguzwa mwendo mpaka haujitambui, piano inadondosha noti fupifupi chini kabisa. Sikiliza Shostakovich anavyozipiga: hazina huruma, hazina hata huzuni, zinahesabu tu. Wapiga piano wengi wa baadaye hutia simanzi pale kwa sababu wanajua yaliyofuata, maana Januari 1936 Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Kisovieti, lilimshambulia vikali kwa opera yake. Mwaka 1934 hayo yalikuwa hayajatokea. Shafran ana sauti nyembamba yenye mtetemo mwingi, karibu na ya mwimbaji. Rostropovich ni mpana na wa moja kwa moja. Shafran nampenda zaidi katika sehemu ya tatu, ile ya polepole, ingawa rekodi yake ni chakavu.

Mfano wa pili ni Britten mwenyewe, Op. 65. Alikutana na Rostropovich London Septemba 1960, usiku ambao Rostropovich alipiga Konseto ya Kwanza ya Shostakovich, kazi ya chelo na okestra. Rostropovich akamwomba kazi. Sonata ikatoka, na wakaipiga kwa mara ya kwanza katika tamasha la Aldeburgh Julai 1961. Inasimuliwa, na Rostropovich mwenyewe ndiye msimulizi mkuu, kwamba walipokutana kuifanyia mazoezi mara ya kwanza wote wawili walikuwa na hofu, wakaanza na wiski glasi kadhaa ndipo wakagusa vyombo. Rekodi yao ya Decca ndiyo ileile yenye Debussy niliyoitaja, kwa hiyo ukiipata moja umeipata na ya pili.

Ina sehemu tano. Anza na ya pili, Scherzo-pizzicato, ambayo mpiga chelo hagusi upinde kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya Sérénade ya Debussy masikio yako yako tayari: utasikia jinsi mkono mmoja unavyodonoa huku mwingine ukigonga uzi kwenye ubao, na piano ikiruka katikati ya mianya.

Ila rekodi ya mtunzi usiifanye msahafu. Watunzi nao hukimbilia basi, huumwa mikono, hubadilisha mawazo. Shostakovich alianza kupata udhaifu wa mkono wa kulia mwaka 1958. Mtunzi anakuonyesha namna moja ambayo muziki wake uliwahi kusikika akiwa anaridhika, na wengine wana haki ya kupata namna zao.

Prokofiev tunamweka hapa ingawa hakupiga mwenyewe. Sonata yake Op. 119 ni ya 1949, mwaka mmoja baada ya yeye na wenzake kulaaniwa na chama hichohicho cha Kikomunisti kwa kile kilichoitwa urasmi, yaani kujali umbo la muziki kuliko ujumbe wake. Rostropovich na Sviatoslav Richter waliipiga hadharani Moscow Machi 1950, na ipo rekodi yao ya mwaka huohuo. Chelo huanza peke yake chini kabisa kwenye uzi wa C. Ukiwa bado unatumia spika ya simu, hapo ndipo utakapojuta.

Hatua ya 6: Panua, lakini kwa kufuata sababu

Baada ya kazi hizo nne, ongeza moja moja, kila moja kwa jambo inalokufundisha.

Rachmaninoff, Op. 19, 1901, kwa ajili ya piano nzito. Mwenyewe hakupenda iitwe sonata ya chelo, kwa kuwa aliviona vyombo viwili kuwa sawa. Hapa shida ni kinyume cha ya Debussy: noti za piano ni nyingi mno na chelo inazama. Wahandisi huikoa kwa kuisogezea maikrofoni karibu, mpaka unasikia mpigaji akivuta pumzi huku piano iko kama mtaa wa pili. Rekodi ya Sheku na Isata Kanneh-Mason, kaka na dada kutoka Nottingham, kwenye albamu ya Muse ya 2021, inaeleweka vizuri kwa anayeanza: wamekua wakipiga pamoja nyumbani, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Albamu hiyohiyo ina sonata ya Samuel Barber, Op. 6, ya 1932, aliyoiandika akiwa na miaka 22. Yenyewe inaingia kirahisi.

Fauré ana mbili, Op. 109 ya 1917 na Op. 117 ya 1921, zote za uzeeni akiwa amepoteza uwezo mkubwa wa kusikia. Hazina pa kushika mara ya kwanza. Zirudie.

Messiaen: tafuta sehemu ya tano ya Quatuor pour la fin du temps, kazi yake ya vyombo vinne; sehemu hiyo ni chelo na piano tu. Ilipigwa kwa mara ya kwanza 15 Januari 1941 katika kambi ya wafungwa wa vita huko Görlitz, Étienne Pasquier akiwa na chelo na Messiaen kwenye piano. Mwendo ni wa polepole kupita kiasi. Piano inarudia rundo la noti zilezile kwa upole, na ukisikia kila rundo likiwa na uzito uleule bila kuyumba, umepata mpiga piano mwenye adabu.

Elliott Carter, 1948, kwa wanaopenda kusumbuliwa. Mwanzoni piano inatembea kama saa ya ukutani na chelo inazurura juu yake kana kwamba haijaisikia. Rekodi inayozilainisha sauti mbili hizi zikawa moja imeharibu kazi yote.

Kodály Op. 4, Poulenc, sonata tatu za Martinů: nzuri, sikiliza ukipata nafasi. Sonata ya Schnittke ya 1978 isikilize usiku, ukiwa na muda, na uchague rekodi ya mpiga chelo Natalia Gutman, ambaye ndiye aliyetunukiwa. Webern Op. 11, ya 1914, ni vipande vitatu vyenye jumla ya hatua 32 za nota, yaani vigawanyo vifupi vinavyotenganishwa na mistari ya wima. Utaimaliza kabla chai haijapoa, na utahitaji ukimya wa chumba, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni minong'ono.

Hatua ya 7: Nunua na uhifadhi

Ukishajua unachokipenda, kimiliki. Rekodi huondolewa kwenye programu bila taarifa mikataba inapoisha. CD za mkono wa pili za muziki huu ni rahisi kuliko zinavyostahili, na zina kijitabu chenye tarehe na ukumbi. Ukinunua faili, chukua FLAC, ambayo haipotezi kitu, kisha tengeneza nakala ndogo ya simu.

Nota za Debussy, Rachmaninoff, Fauré na Webern zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Hata kama husomi nota, fungua ukurasa wa kwanza wa Prologue na ufuate kwa kidole. Utaona kwa macho mistari ya chelo ikiwa mitupu wakati piano inaongea.

Faili zako zipe majina kwa mpangilio mmoja: mtunzi, namba ya opus, mpiga chelo, mpiga piano, mwaka wa kurekodi. Jina la mpiga piano usilifupishe. Weka pia urefu wa dakika kwenye orodha yako, utakusaidia kutambua nakala rudufu na makosa ya upakuaji. Webern Op. 11 ikionyesha dakika kumi, umepakua kitu kingine.